Mwongozo Unaojichapisha Wenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeitwa kwa bosi. Nilidhani ni habari ya kile kiti nilichovunja. Siyo. Kitengo cha nyaraka kinapata mkuu! Kitengo chenyewe ni mimi na Bi Koma tu, kwa hiyo mkuu atakuwa mmoja wetu na mwingine atakuwa chini yake. Bosi atatangaza jina siku atakayotiliana saini na wale watu wa hoteli wanaotaka kuwa wateja wetu, katikati ya mwezi huu.

Nieleze kidogo, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu maarufu. Kampuni yetu inatengeneza programu ya madobi. Dobi akipokea nguo, programu inatoa tiketi, inakumbuka nguo ni ya nani, na inamtumia mwenyewe ujumbe ikiwa tayari. Pamoja nayo kuna mwongozo mrefu kwenye tovuti, unaoeleza jinsi ya kuitumia programu na jinsi ya kufua kila aina ya kitambaa. Sisi wawili ndio tunaouandika. Yaani, Bi Koma ndiye anayeandika. Mimi natoa mawazo.

Bi Koma alikuwa mwalimu kabla ya kuja hapa. Anasoma kila ukurasa kwa kuweka rula chini ya mstari, kisha anausoma tena kuanzia chini kwenda juu. Ukurasa mmoja, asubuhi nzima. Mtu wa namna hiyo awe mkuu wangu? Nitaota mvi nikisubiri ruhusa ya kuweka nukta.

Nimemwambia mke wangu kwamba ukuu ni wangu. Neno "huenda" sikulitumia. Sijamaliza kuvua viatu, yeye ameshampigia mama yake. Mama mkwe, ambaye tangu tufunge ndoa huwaambia watu kuwa mimi sikai na kazi, leo amenitumia salamu za pongezi, na akaniita baba. Nimejisikia vizuri mno. Sasa lazima niupate huo ukuu, kwa njia yoyote.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia nikiwa bafuni, povu usoni. Mwongozo ujichapishe wenyewe!

Sasa hivi mambo yanakwenda hivi. Mmoja anaandika, mwingine anapanga kurasa, wa tatu, wa kitengo kingine, anazipandisha kwenye tovuti, na kila mara kuna ukurasa unaosahaulika njiani. Nitatengeneza mtambo. Mtu yeyote ofisini akihifadhi kazi yake kwenye ghala letu la kodi, yaani yale maandishi yanayoiendesha programu, mtambo unashtuka, unachukua faili zote za mwongozo, unazigeuza kurasa safi, unapanga yaliyomo, unachapisha. Bila mkono wa mtu. Bila rula.

Tatizo ni moja. Mtambo unahitaji ufunguo wa kuingilia kwenye seva na mimi sina. Anao shemeji. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, ni mkubwa wa waandika kodi, na ndiye aliyeniingiza kwenye kazi hii, jambo ambalo hulikumbusha kila tunapokaa mezani. Nimemwomba ufunguo. Amesema nifuate utaratibu kama watu wengine. Sikubishana naye, nimemwambia dada yake. Jioni shemeji ameuleta nyumbani kwa mkono wake mwenyewe, mdomo ameuvuta mbele. Amenionya kwamba kila kitakachofanywa na mtambo kitaandikwa kwa jina lake, kwa hiyo nisimtie aibu. Nimemwambia siku moja atanishukuru.

Jumatano, 5 Machi

Mtambo umewaka. Nimeuita Hodari. Ukimaliza kazi vizuri unaonyesha alama ya kijani, na ukikwama unaonyesha nyekundu. Asubuhi ilikuwa nyekundu tupu. Mchana kijani.

Halafu nikagundua jambo la kusikitisha. Kama hakuna kilichobadilika kwenye mwongozo, Hodari haufanyi lolote, unarudi kulala. Na mwongozo haubadiliki, maana Bi Koma yuko kwenye ukurasa uleule tangu jana. Chini ya tovuti imeandikwa kuwa mara ya mwisho kusasishwa ni wiki iliyopita. Bosi akifungua ataona nini? Ataona uvivu.

Dawa nimeipata. Nimetafuta namba moja kwenye mwongozo, na nimeuagiza Hodari uiongeze moja kila unapoamshwa. Hapo kila mara kuna badiliko, kila mara unachapisha, na kila mara tovuti inasema "imesasishwa sasa hivi". Namba yenyewe nimeichagua kwa uangalifu mkubwa. Iko ukurasa wa nguo za sufu, mwisho kabisa wa mwongozo, nyuma ya soksi na kofia. Inasema sufu ifuliwe kwa maji ya nyuzi thelathini za joto. Nimezunguka ofisi nzima nikiuliza nani anavaa sufu. Hakuna. Bosi sikumuuliza, alikuwa kwenye simu.

Ikatokea ajali ndogo wakati wa chakula cha mchana. Hodari ulibadilisha namba, ukaona namba imebadilika, ukashtuka, ukachapisha, ukabadilisha tena namba, ukashtuka tena. Nimerudi nimekuta seva inahema na shemeji amesimama kwenye meza yangu akiwa ameshika kiuno kama mama yake. Amenipa vidonge vyangu mbele ya watu wote. Nimeuambia mtambo usijishtue wenyewe. Namba nimeirudisha kwenye thelathini, maana mimi ni mtu makini.

Alhamisi, 6 Machi

Kijani kutwa. Waandika kodi wanahifadhi kazi zao, Hodari unachapisha. Bosi amefungua tovuti, ameona "imesasishwa sasa hivi", ameguna kwa namna nzuri.

Bi Koma akatia mguu. Ameuliza nani anazisoma kurasa kabla hazijatoka. Nimemweleza kuwa Hodari unakagua herufi, unakagua viungo vya tovuti vilivyokatika, unakagua hata nafasi kati ya maneno. Akauliza kama unajua yaliyoandikwa ni ya kweli. Nimemjibu kwamba hilo si suala la mtambo, ni suala la falsafa. Bosi hapendi falsafa. Ameamua kwamba ukurasa wowote usipande mpaka Bi Koma abonyeze kitufe cha idhini.

Nimekasirika hadi chai imenishinda kunywa.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Koma ameletewa kitufe chake. Akaweka rula kwenye kioo cha kompyuta, akaanza na utangulizi. Mpaka saa sita kurasa zimepanga foleni na hakuna hata moja iliyopanda. Tovuti imelala. Alama si kijani wala nyekundu, ni ya manjano, rangi ya mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali.

Mchana nimeongeza kasentensi kamoja kwenye mtambo. Mwenye idhini akichelewa kuliko muda wa kunywa kikombe cha chai, ihesabiwe ameidhinisha. Kurasa zote zimepanda mara moja! Bi Koma bado anasoma, anabonyeza kitufe, anapiga alama kwenye daftari lake. Anaidhinisha kurasa ambazo dunia ilishaziona zamani. Anaonekana ana furaha. Kwa nini nimharibie mwisho wa wiki?

Jumatatu, 10 Machi

Mwongozo bora bila wasomaji una faida gani? Leo nimeufundisha Hodari kuwatumia madobi wote ujumbe kila unapochapisha. Nimeandika hivi: "Mwongozo umeboreshwa. Fuateni maelekezo mapya bila kupunguza wala kuongeza." Sentensi hiyo nimeiandika kwa mkupuo mmoja. Nimeisoma kwa sauti. Hata mimi nilitaka kutii.

Saa tano amepanda Mama Povu. Duka lake la udobi liko chini ya ofisi yetu, ghorofa ya chini, ndiye mteja wetu wa kwanza, na harufu ya sabuni yake ndiyo tunayovuta kutwa. Ameingia mikono imelowa. Amesema simu yake haijanyamaza tangu afungue mlango, na mumewe ameanza kuuliza kama ana mchumba. Nimemwambia hayo ndiyo maendeleo. Amenitazama kama doa la wino kwenye shuka jeupe, kisha akashuka.

Jumatano, 12 Machi

Mama Povu amepiga simu. Amesema kuna ukurasa una namba ambayo haimwingii akilini. Sikumwacha amalize. Nilikuwa na mambo mengi, nilikuwa nachagua rangi ya kijani iliyokolea zaidi. Nimemwambia kwamba kila ukurasa umepita kwenye mtambo na kila ukurasa ni wa kijani, na mkataba wake unamtaka afuate mwongozo. Akauliza, nina hakika? Nimemwambia mwongozo umeandikwa na wataalamu, yeye kazi yake ni kufua. Halafu akasema sawa, baba, kama ni hivyo atafuata.

Unaona? Watu wanahitaji tu kuongozwa kwa sauti thabiti. Hiyo ndiyo sauti ya mkuu wa kitengo.

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbaya kuliko zote.

Mkutano wa wafanyakazi. Bosi amesimama, amesema tangu aanzishe kampuni hajawahi kuona mwongozo unaokwenda na wakati namna hii. Nimekaa sawa, nimerekebisha kola. Akasema ameingia kwenye historia ya mabadiliko kutazama ni nani anayefanya kazi hii usiku na mchana, na amekuta jina moja tu, ukurasa kwa ukurasa. Nimeanza kuinuka. Akataja jina la shemeji.

Makofi! Na shemeji, mtu wa familia, mtu aliyekula kwangu juzi, hakumsahihisha. Alitabasamu tu, akainamisha kichwa kama bibi harusi. Baadaye nimemkaba kwenye ngazi. Amesema asingeweza kumkatiza bosi. Amesema hata hivyo jina ni lake na alinionya tangu mwanzo. Nimemwambia mama yake atalisikia hili. Akasema ni mama huyohuyo aliyemfundisha kutokatiza wakubwa.

Nyumbani sikula. Mke wangu ameuliza nina nini. Nimemwambia wivu upo hadi ndani ya damu. Akasema damu ipi hiyo, maana mdogo wake ni damu yake. Nimelala sebuleni.

Ijumaa, 14 Machi

Haki imetendeka, nimeitenda mwenyewe.

Historia ya mabadiliko inaweza kuandikwa upya. Si rahisi, lakini inawezekana, na mtu mwenye uchungu hashindwi. Nimefunga mlango, nimepitia badiliko moja baada ya jingine tangu siku ya kwanza ya Hodari, na kila palipo na jina la shemeji nimeweka langu. Mamia kwa mamia, mengi ya ile ajali ya chakula cha mchana. Halafu, ili lisitokee tena la jana, nimeuagiza mtambo uandike jina langu kamili chini ya kila ukurasa, kwa herufi nene: "Umesasishwa sasa hivi na" halafu mimi.

Shemeji amepita, ameona ninachofanya, ameshika kichwa. Amesema historia haichezewi, kwamba siku kikiharibika kitu watu wataitafuta hiyohiyo historia wajue aliyekiharibu. Nimemuuliza nini kitaharibika, wakati kila kitu ni kijani. Akasema basi, shemeji, mradi jina lake limetoka, yeye amenawa mikono. Roho mbaya ile, unaiona hata kwenye mabega yake akiondoka.

Jumatatu, 17 Machi

Bosi ameona. Amesimama nyuma ya kiti changu akitazama tovuti, jina langu chini ya kila ukurasa. Amesema kumbe aliyekuwa akifanya kazi ni mimi, na kwamba shemeji alipaswa kusema. Nimemwambia kwa upole kuwa sipendi kujikweza. Amenipiga begani. Mkono wa bosi ni mzito na wa joto, bado nausikia.

Kutia saini ni keshokutwa. Watu wa hoteli wana madobi kila mji na wote watahamia kwenye programu yetu. Bosi yuko kwenye furaha kubwa. Amesema atavaa ile suti yake ya kijivu, nzito, aliyovaa siku alipofungua kampuni. Bosi ana mkono wa birika, nguo nzuri ni hiyo moja. Ameshaishusha kwa Mama Povu ifuliwe, maana anaamini maji ya uvuguvugu kuliko madawa.

Nimempongeza. Nimesema kijivu kinampendeza.

Jumanne, 18 Machi

Kesho. Mke wangu amenipigia pasi shati jeupe na tumepatana. Mama mkwe atakuja Jumamosi pamoja na shangazi wawili na mjomba, kuja kumwona mkuu wa kitengo. Nimefanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo. Bosi akitaja jina langu nitageuka kwanza nyuma, kama vile kuna mwenzangu mwenye jina hilo.

Bi Koma amefika ukurasa wa soksi. Nimemwonea huruma.

Jumatano, 19 Machi

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyohivyo.

Asubuhi bosi amekuja ofisini akiwa na kaptula na raba, maana hutembea kwa miguu kila siku na suti alikuwa aichukue kwa Mama Povu. Wageni walikuwa wameshaanza kupanda ngazi. Mama Povu amempa kifurushi mlangoni, kimekunjwa vizuri, na bosi ameingia nacho chooni. Amekaa sana. Tumesikia sauti moja tu, si neno.

Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, kaptula au suti. Alichagua suti. Mikono ya koti iliishia kwenye viwiko. Suruali iliishia chini kidogo ya magoti, na kifungo kilikuwa kimeshikilia kwa nguvu za Mungu. Ametembea hadi mezani kwa hatua fupifupi, mikono imesimama mbali na mwili, kama mtu aliyebeba mapipa mawili yasiyoonekana. Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Mkuu wa manunuzi wa hoteli ni mama mmoja mrefu asiyetabasamu. Amemtazama bosi kutoka juu hadi chini, safari haikuwa ndefu, akauliza suti hiyo ameifua nani. Bosi, kwa mazoea ya miaka ya kuuza, akajibu kuwa imefuliwa kwa programu yetu.

Yule mama akafunga kabrasha lake. Akaomba aonyeshwe ukurasa wa sufu.

Shemeji akaufungua kwenye kioo kikubwa cha ukutani. Sufu: ifuliwe kwa maji ya nyuzi tisini na moja. Bosi akafungua mdomo ili aseme kwamba ni makosa ya kuandika. Muda huohuo, chumba cha pili, mwandika kodi mmoja ambaye hakuwa na habari na lolote akahifadhi kazi yake. Mbele ya macho ya watu wote namba ikageuka kuwa tisini na mbili.

Chini yake, kwa herufi nene: umesasishwa sasa hivi na mimi.

Watu wote wakageuka kunitazama. Nikageuka nyuma, kama nilivyofanya mazoezi. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Mama Povu alikuwa bado amesimama mlangoni, hakutaka kupitwa. Akasema yeye alipiga simu kuuliza, akaambiwa kazi yake ni kufua. Akafua, bila kupunguza wala kuongeza.

Alhamisi, 20 Machi

Kikao cha kunihukumu. Nimejitetea kwamba mtambo ulitumia ufunguo wa shemeji. Bosi ameagiza historia ya mabadiliko ifunguliwe. Jina langu. Badiliko linalofuata, jina langu. Wamepandisha juu, juu, juu, hadi siku ya kwanza. Shemeji alikuwa anatazama dirishani, anauma shavu kwa ndani asicheke. Nimesema historia hiyo si ya kuaminika. Bosi akauliza nimejuaje.

Bosi amesema aliwaza kunifukuza tangu jana mchana, na lililomzuia ni shemeji, aliyemfuata ofisini kwake akaniombea. Sasa nina deni la shukrani kwa mtu yule. Afadhali ningefukuzwa.

Watu wa hoteli hawajakimbia kabisa. Yule mama mrefu amekubali kurudi kwa sharti moja, kila ukurasa usomwe na mtu mwenye macho. Jana, wakati mimi natazama ukuta, aliuliza kama katika ofisi hii yupo mtu anayesoma. Bi Koma akasimama na rula yake, akasema yeye yuko ukurasa wa kofia, sufu hajaifikia, na idhini ya ukurasa huo hajaitoa. Yule mama akasema huyo ndiye anayemtaka.

Kwa hiyo Bi Koma ndiye mkuu wa kitengo. Chini yake ni mimi. Kazi yangu ya kwanza ni kumwandikia kila dobi ujumbe wa kuomba radhi, mmoja mmoja, kwa maneno yangu, kwa sababu kumbe siyo suti ya bosi peke yake. Kuna majoho ya kwaya nzima. Kuna blanketi la bibi mmoja, sasa linamtosha paka.

Jumamosi, 22 Machi

Wamekuja. Mama mkwe, shangazi wawili, mjomba. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba uteuzi umeahirishwa, lakini shemeji naye alikuja. Alikaa tu na kutabasamu. Mjomba akauliza mkuu wa kitengo anakaa kwenye ofisi ya namna gani. Nikasema ni ofisi ya pamoja. Mama mkwe akauliza, pamoja na nani? Mke wangu akaniangalia. Nikasema, pamoja na mkuu.

Mjomba akarudisha kikombe chake mezani. Kisha mama mkwe akasema haidhuru, cha muhimu bado nina kazi, na akaacha kuniita baba. Mke wangu aliwasindikiza hadi barabarani. Aliporudi alikaa pembeni yangu, akasema angenipenda hata ningekuwa nafagia, ila nimwambie mambo kabla hajampigia mama yake. Nililia kidogo. Nimemwahidi nimebadilika, na nilipokuwa nasema hivyo niliamini kila neno.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeanza kuwaandikia madobi. Bi Koma ameketi kando yangu na rula. Anasema neno "pole" lisitokee mara mbili katika aya moja. Anasema kila ujumbe umtaje dobi, umtaje mwenye nguo, uitaje nguo na kilichoipata. Hadi jioni nimemaliza mmoja, wa yule bibi wa blanketi, na Bi Koma ameurudisha.

Kwa mwendo huu nitakuwa naomba radhi hadi nistaafu.

Alhamisi, 27 Machi

Wazo limenijia nikiwa bafuni.

Majina ya madobi yako kwenye programu. Majina ya wenye nguo yako kwenye programu. Nguo zenyewe ziko kwenye programu. Sasa mimi nakaa naandika kwa mkono kitu gani? Nimetengeneza mtambo mdogo. Unachukua jina, unachukua nguo, unatunga radhi safi kabisa, unatuma. Safari hii nimejifunza, sitaki makuu. Hakuna jina langu mahali popote. Chini ya kila ujumbe imewekwa sahihi ya Bi Koma, si ndiye mkuu?

Ila lazima nijue kama mtambo uko hai au umelala. Kwa hiyo kuna namba moja, mwishoni kabisa, inayoongezeka kidogo kila ujumbe unapotoka. Nimeichagua kwa uangalifu, siyo ya joto, wala haigusi kitambaa chochote. Ni pale panapoandikwa siku ambazo mteja atafuliwa nguo bure kwa gharama ya kampuni yetu. Nani anasoma mwisho wa ujumbe wa kuomba radhi?

Tangu saa nne ni kijani tupu. Na watu wanasoma! Mchana madobi wamepiga simu mfululizo, wanashukuru, wanasema hawajawahi kuombwa radhi kwa ukarimu wa kiasi hicho. Mmoja alikuwa karibu kulia. Wote wanamwulizia Bi Koma. Bosi amesikia, ametoka ofisini kwake kuja kumpa mkono, naye Bi Koma amepokea pongezi hizo huku hajui hata zinahusu nini.

Nimekaa pale naangalia kazi ya mikono yangu ikipewa mtu mwingine. Hapana. Kesho asubuhi, kabla hawajafika, nabadilisha sahihi.